Kuandaa kliniki ndogo ya meno kwa dharura za moyo

Kila kliniki mpya ya meno inapofunguliwa Kisumu, Kakamega au Nakuru, maswali yanayokuja ni yale yale. Ninunue dawa gani? Ile mashine ya kushtua moyo ni lazima? Mzee wa presha nimdunge ganzi au nimwambie arudi nyumbani? Nimeyajibu kwenye simu, nimeyajibu kwenye ngazi, sasa nayaandika.

Mwongozo huu ni wako wewe mwenye kiti kimoja au viwili, msaidizi mmoja na mtu wa mapokezi, kwenye ghorofa ya pili isiyo na lifti. Nikuambie mapema ninachokiamini: sehemu kubwa ya maandalizi haya haihitaji pesa. Ni kujua nani atafanya nini, kitu gani kiko wapi, na kuuliza maswali kabla ya kushika sindano. Wengi huanzia kwenye dawa, ilhali dawa ndiyo sehemu fupi kuliko zote.

Kwanza tofautisha mambo matatu, maana kila moja lina kazi yake.

Kuzimia kwa hofu au njaa ndiko utakakokutana nako mara nyingi zaidi. Mgonjwa anapauka, anatoka jasho jembamba, mapigo yanakuwa polepole. Ukimlaza chali na kuinua miguu anarudi ndani ya dakika moja au mbili. Mshtuko wa moyo ni mshipa wa moyo kuziba: mgonjwa yuko macho, anazungumza, lakini kifua kinambana, na pengine maumivu yanapanda hadi shingoni, tayani au mkono wa kushoto. Moyo kusimama ni jambo jingine kabisa: haitiki, hapumui kawaida, na kila dakika inayopita bila kubonyezwa kifua wala kushtuliwa moyo inampunguzia nafasi ya kupona kwa takriban asilimia 7 hadi 10. Piga hesabu hiyo na umbali kutoka kwako hadi hospitali ya rufaa, utaona kwa nini huwezi kumsubiri mtu mwingine aanze.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Mashine ya presha inayofanya kazi, yenye ukanda wa mkono wa kawaida na ukanda wa mkono mnene.
- Kibano cha kidoleni cha kupima oksijeni, na kipimo cha sukari chenye vijiti ambavyo havijapitwa na wakati.
- Mtungi wa oksijeni wenye geji, barakoa yenye mfuko, na spana yake.
- Ambu begi (mfuko wa kumpulizia mgonjwa pumzi kwa mkono) ya mtu mzima na ya mtoto, na barakoa za saizi tofauti.
- Aspirini ya miligramu 300. Ukipata zile ndogo za 75, vidonge vinne vinafanya kazi hiyo hiyo.
- Gliseri trinitreti, dawa ya kupanua mishipa ya moyo, ya kuweka chini ya ulimi, ya kupulizia au ya vidonge.
- Adrenalini ya ampuli, miligramu 1 kwa mililita 1, pamoja na sirinji na sindano zake. Kwenye kliniki ya meno hii ni ya mzio mkali: miligramu 0.5 kwenye msuli wa paja kwa mtu mzima, na unaweza kurudia baada ya dakika 5.
- Glukosi ya unga na pampu ya salbutamoli. Si za moyo, lakini sukari iliyoshuka na pumu huja zikifanana na dharura ya moyo.
- Mkasi wa kukatia nguo, wembe, taulo kavu, tochi.
- Mashine ya kushtua moyo, ukiweza.

Kuhusu hiyo ya mwisho, sitakuficha: ndiyo inayorudisha moyo uliopoteza mpigo, na mikono peke yake mara nyingi haitoshi. Lakini bei yake ni nzito kwa kliniki inayoanza. Ninachowashauri wengi ni kuongea na majirani wa jengo. Kama kuna famasia chini, kliniki ya macho kando yako na ofisi ya sako juu, changeni mnunue moja, muiweke mahali pasipofungwa kwa kufuli mchana, na kila ofisi ijue ilipo. Kama bado hamjaweza, anza na mafunzo na oksijeni leo. Usikae miaka miwili ukisubiri mashine huku msaidizi wako hajawahi kubonyeza kifua cha mwanasesere.

Hatua ya 1: Wapeleke wote mafunzoni, hata wa mapokezi

Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya na St John Ambulance hufundisha huduma ya kwanza pamoja na CPR (kubonyeza kifua na kupuliza pumzi), na hospitali kubwa nyingi zina kozi za kuokoa uhai. Kosa ninaloliona ni daktari kwenda peke yake. Fikiria: anayekuwa na mgonjwa kwenye chumba cha kusubiri ni nani? Anayefagia jioni, mlinzi wa mlangoni na dada wa mapokezi wote wanafaa kujua kubonyeza kifua. Wafundishwe, na warudie kila mwaka, kwa sababu mikono husahau haraka.

Hatua ya 2: Gawa kazi kwa majina

Andika kwenye karatasi, ibandike ukutani upande wa ndani ya mlango wa chumba cha matibabu:

Wa kwanza hukaa na mgonjwa na kuanza kubonyeza. Wa pili huleta sanduku, oksijeni na mashine. Wa tatu hupiga simu, kisha hushuka chini kuwapokea wa ambulansi na kuwaonyesha ngazi.

Andika majina halisi, na jina la atakayeshika nafasi mtu akiwa likizo. Kama mko wawili tu, wa pili anapiga simu kwa kipaza sauti huku akivuta mtungi, na jirani wa mlango wa pili anaitwa kwa sauti. Mwombe jirani huyo mapema, usimshtukize siku hiyo.

Hatua ya 3: Uliza kabla ya kiti

Fomu yenye swali "Je, una ugonjwa wa moyo?" haisaidii sana. Mgonjwa aliyetoka Siaya au Vihiga saa kumi na moja alfajiri, ambaye jino limemnyima usingizi, atajibu "hapana" ili ang'olewe. Uliza kwa njia ambayo jibu litatoka lenyewe:

"Mama, dawa unazokunywa kila siku ziko wapi? Unaweza kunionyesha?" Wengi hubeba mfuko wa karatasi wa famasia kwenye mkoba. Ukiona ya kufanya damu iwe nyepesi, au ile ya kuweka chini ya ulimi, umeshajibiwa.

"Ulipanda ngazi hizi bila kusimama?" Anayeshindwa kupanda ghorofa mbili bila kupumzika ana moyo au mapafu yanayohitaji uangalifu. Ngazi zako zinakupa kipimo hicho bure kila asubuhi.

"Unalala na mito mingapi? Miguu huvimba jioni?" "Umewahi kulazwa kwa sababu ya kifua, na lini?" "Leo umekunywa dawa ya presha na umekula?" Swali hili la mwisho linaokoa mengi, kwa sababu wengi huacha dawa na chai siku ya kuja kwa daktari wa meno wakidhani ndivyo inavyotakiwa.

Kuna swali moja la wanaume linaloogopwa: kama ametumia dawa ya nguvu za kiume. Liulize, kwa sababu gliseri trinitreti juu ya sildenafili ndani ya saa 24, au tadalafili ndani ya saa 48, inaweza kuangusha presha hadi hatari. Lakini usimuulize mzee mbele ya mkaza mwana wake aliyemsindikiza. Atakana, na hutamlaumu. Mwombe msindikizaji asubiri nje kidogo, funga mlango, kisha sema, "Mzee, kuna dawa moja ambayo haipatani na dawa zangu za moyo, ndiyo maana nauliza kila mwanaume."

Anayepaswa kuhamishiwa siku nyingine au hospitalini kwa kazi isiyo ya haraka: aliyepata mshtuko wa moyo ndani ya siku 60, mwenye maumivu ya kifua akiwa amepumzika au yanayozidi wiki hadi wiki, na anayehema akiwa amelala chali. Jino linalouma sana halisubiri miezi, kwa hiyo mpigie daktari wake mkubaliane pa kulitibia.

Onyo: usimwachishe mgonjwa dawa za kufanya damu iwe nyepesi (aspirini, klopidogreli au warfarini) kwa sababu ya kung'oa jino bila kuongea na daktari wake wa moyo. Damu ya fizi utaizuia kwa gozi, kushona na kukandamiza. Mshipa wa moyo ukiziba, hutauzibua wewe. Kwa mwenye warfarini, omba kipimo cha karibuni cha INR (kinachoonyesha damu inavyoganda) kabla ya kupanga siku.

Hatua ya 4: Pima presha ya kila mtu mzima

Kila mtu mzima, si wazee tu. Mkalishe dakika tano, miguu chini, mkono umeegemea kitu. Ikiwa 180 kwa 110 au zaidi, pima tena baada ya kupumzika. Ikibaki hapo, ahirisha kazi isiyo ya haraka na umwandikie barua ya kumpeleka kliniki ya presha.

Usimwekee nifedipini chini ya ulimi ili "uishushe haraka" umalize jino. Bado naliona likifanywa. Presha ikianguka ghafla, ubongo na moyo vinakosa damu, na unakuwa umetengeneza dharura ambayo haikuwepo.

Hatua ya 5: Ganzi

Mwenye ugonjwa wa moyo anahitaji ganzi nzuri kuliko mtu mwingine yeyote, kwa sababu maumivu yenyewe yanamwaga adrenalini mwilini. Kipimo kinachofuatwa kwake ni adrenalini, ile iliyochanganywa kwenye ganzi, isiyozidi miligramu 0.04 kwa ziara moja. Katriji mbili za ganzi za mililita 1.8 zenye adrenalini ya 1:100,000 ni miligramu 0.036, basi ishia hapo. Kama zako ni 1:80,000, mbili za kipimo hicho zinafika 0.045, kwa hiyo usizimalize. Vuta sirinji nyuma uone kama kuna damu kabla ya kusukuma, kisha sukuma polepole.

Hatua ya 6: Kiti na sakafu

Hapa ndipo kliniki za meno hutofautiana na mahali pengine pote, na ndipo zinaposhindwa. Fanya jambo hili wiki hii: mlaze msaidizi wako kwenye kiti, shusha kiti hadi chini kabisa, laza mgongo wa kiti uwe sawa. Sasa weka kiganja chako katikati ya kifua chake bila kubonyeza kwa nguvu, na mtu mwingine asukume mgongo wa kiti kutoka juu, kando ya bega. Utauona ukinepa. Nguvu unayodhani inaingia kifuani inaishia kwenye bawaba za kiti.

Dawa yake ni stuli yako mwenyewe ya kukalia. Isukume chini ya mgongo wa kiti, usawa wa mabega, ipandishe hadi iguse na kukaza. Jaribu tena; kiti kitatulia. Weka alama ya utepe kwenye sakafu pale magurudumu ya stuli yanapopaswa kukaa, na alama nyingine kwenye nguzo ya stuli kwa urefu wake. Siku ya dharura hakuna muda wa kupima.

Zungusha trei ya vyombo na taa vitoke njiani. Jua pia kwamba viti vingi ni vya umeme: stima ikipotea mgonjwa akiwa ameketi wima, kiti hakitashuka. Kwa hiyo lazima pia mjue kumteremsha sakafuni. Watu watatu: mmoja anashika kichwa na mabega kwa kupitisha mikono chini ya kwapa, wawili nyonga na miguu, mnateleza naye upande usio na trei. Pima kama sakafu ina nafasi ya mtu kulala na wewe kupiga magoti kando. Kama haipo, ondoa kabati moja. Nimeingia kliniki nzuri sana ambazo kati ya kiti na ukuta hapapiti hata ndoo.

Hatua ya 7: Sanduku na mtungi

Sanduku moja, rangi inayoonekana, lisilofungwa kwa ufunguo. Lisikae dirishani wala kando ya otoklevu. Joto la mchana la Kisumu peke yake linatosha kuharibu dawa. Bandika juu ya kifuniko orodha ya kilichomo na tarehe ya kuisha ya kila dawa, na iliyo karibu kuisha iandikwe kwa wino mwekundu. Vidonge vya gliseri trinitreti vikishafunguliwa hupoteza nguvu ndani ya wiki chache, kwa hiyo andika tarehe ya kufungua kwenye chupa.

Spana ya mtungi ifungwe kwa kamba kwenye shingo ya mtungi. Kila Jumatatu mtu mmoja afungue mtungi, asome geji, asikilize kama unavuja, aufunge, atie sahihi. Mtungi wenye lita 680 za gesi, ukifunguliwa lita 15 kwa dakika, unadumu dakika 45 hivi. Linganisha na muda wa ambulansi kukufikia.

Hatua ya 8: Kadi ya simu na njia

Namba za dharura ni 999 na 112, na Msalaba Mwekundu ni 1199. Ongeza namba ya ambulansi ya kaunti yako na ya chumba cha dharura cha hospitali utakayotumia. Zipige siku ya kawaida uone kama zinapokelewa.

Kwenye kadi andika maneno ya kusomwa kama yalivyo: jina la jengo, ghorofa, mkabala na nini, ngazi ziko upande gani, umri wa mgonjwa, "amepoteza fahamu, tunabonyeza kifua". Mtu aliyeshikwa na hofu husahau hata jina la barabara anayopita kila siku. Kama uko katikati ya Kisumu na unategemea hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, fikiria barabara ya kupitia Kibuye na Kondele siku ya soko au saa ya jioni, na uwe na njia ya pili kichwani.

Hatua ya 9: Mgonjwa akisema kifua kinabana

Acha kazi. Toa pamba na vyombo mdomoni. Muinue aketi nusu, asilazwe chali. Pima presha na oksijeni. Kama ana angina (maumivu ya kifua ya moyo kukosa damu ya kutosha) inayojulikana, na namba ya juu ya presha haiko chini ya 90, mpe gliseri trinitreti chini ya ulimi. Maumivu yasipoisha baada ya dakika 5, piga simu. Kama hajawahi kuwa na angina, piga simu papo hapo. Mpe aspirini miligramu 300 atafune, isipokuwa ana mzio nayo au anatokwa damu tumboni. Shimo la jino lililotoka kung'olewa si sababu ya kumnyima: kunja gozi, aume. Oksijeni mpe kipimo kikishuka chini ya 94.

Kwenye barua ya rufaa andika saa ya maumivu, dawa ulizompa, na kama ameng'olewa jino leo. Hospitali wakitaka kumpa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, lazima wajue kuna kidonda kibichi mdomoni. Hakuna mahali pa kuuliza malipo au kadi ya bima ya afya ya SHA kwanza: kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura.

Hatua ya 10: Akipoteza fahamu

Mwite kwa nguvu, mtikise mabega. Tazama kifua kwa sekunde zisizozidi 10. Kuhema kwa kukwama kama samaki aliyetolewa ziwani si kupumua. Watu wengi hudanganywa na hilo na kusubiri. Hata kutetemeka kidogo mwanzoni kunaweza kuwa moyo uliosimama.

Toa kila kitu mdomoni, laza kiti, stuli chini, anza. Kitako cha kiganja kwenye nusu ya chini ya kidari, mikono imenyooka, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, uachie kifua kiinuke chote kila mara. Mibonyezo 30, pumzi 2 kwa ambu begi. Badilishaneni kila dakika 2. Mashine ikifika, iwasheni na mfuate sauti yake huku mwingine akiendelea kubonyeza. Msimbebe kumteremsha ngazi bila mibonyezo. Bonyezeni pale pale hadi wenye ambulansi wafike au aanze kupumua.

Hatua ya 11: Fanyeni zoezi

Mara moja kila miezi mitatu, bila kutangaza, mmoja ajifanye amezimia. Pima kwa saa ya simu: mbonyezo wa kwanza ulianza lini, oksijeni ilifika lini, simu ilipigwa lini. Fanyeni zoezi moja taa zikiwa zimezimwa.

Mambo yanayokwama na la kufanya

*Kifua hakiinuki ukipuliza.* Inua kidevu upya, kaza barakoa. Meno bandia yanayolegea yatoe, yaliyokaza yaache kwa sababu yanasaidia barakoa kushika.

*Ametapika.* Mgeuze upande, tumia bomba lako la kufyonza mate. Stima haipo? Kitambaa na vidole, kisha endelea.

*Kifua kina jasho, pedi hazishiki.* Futa kwa taulo, nyoa kwa wembe, bandika tena. Sogeza oksijeni mbali kabla ya kushtua.

*Ana uvimbe mgumu chini ya ngozi karibu na bega.* Ni betri ya moyo. Bandika pedi kando yake, si juu yake.

*Mbavu zimelia.* Hutokea. Hakikisha mikono iko katikati, endelea.

*Ni mtoto.* Kwa mtoto mara nyingi pumzi ndiyo iliyokatika kwanza, kwa hiyo pumzi zisikosekane. Mkiwa wawili, mibonyezo 15 kwa pumzi 2.

*Ambulansi haipatikani.* Kama yuko macho, tafuta gari, aketi nyuma akiegemea, mmoja wenu aende naye akiwa na oksijeni na ambu begi. Asitembee ngazi kwa miguu yake. Mteremsheni kwenye kiti cha plastiki chenye mikono. Boda isitumike, hata kama ndiyo iliyo karibu.

*Sijui kama ni kuzimia tu.* Mlaze, inua miguu, tazama kama anapumua, pima sukari. Asiporudi kamili ndani ya dakika mbili, piga simu.

Baada ya tukio, jaza sanduku siku hiyo hiyo kabla ya kumwita mgonjwa mwingine, andika saa zote kwenye faili, na mmoja wenu apige simu kwa familia kesho yake kuuliza hali.